Maikromita ya Baba na Beringi Niliyoisingizia

Najua mmezoea kunisoma nikiandika juu ya hifadhidata, lugha za programu na malipo ya simu. Leo nawaomba tuifunge tarakilishi kwa muda, tuingie karakanani. Nina kisa cha kuungama, na kisa chenyewe kina upana wa sehemu tatu za mia za milimita. Unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko hapo.

Kazi inayonilisha ni kuandika programu. Lakini nyuma ya nyumba yetu, Mikindani, Mombasa, kuna banda la mabati lenye kerezo dogo, mashine ya kutoboa ya mezani, grinda na jiriwa moja nzee. Vyote ni vya marehemu baba. Alikuwa fundi wa kukereza katika karakana ya kutengeneza meli, na alipostaafu alilinunua kerezo hilo mnadani, akalifunga hapo nyuma, akawa anatengeneza pulizo, bushi na shafti za watu wa mtaa. Alifariki mwaka 2019, nikiwa mwaka wa mwisho chuo kikuu. Ndugu zangu hawakugombania banda. Mimi ndiye niliyeshinda humo utotoni nikifagia vipande vya chuma, kwa hiyo mimi ndiye niliyeachiwa ufunguo.

Ndani ya droo ya meza kulikuwa na kisanduku cha mbao kilichotandikwa kitambaa cha kijani. Humo ndimo baba alimoweka maikromita yake ya milimita 25 hadi 50, iliyochongwa jina la Moore & Wright, Sheffield. Kando yake kulikuwa na kipande cha chuma cha mviringo kama penseli fupi, kimeandikwa 25 mm. Nilikiona kile kipande miaka mitano nisijue ni cha nini. Nilidhani ni chuma kilichosalia tu. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Kinu cha mama

Mama anaishi Mwatate, Taita. Ana kinu cha kusaga mahindi, na kinu hicho ndicho kinachomlipia dada yangu mdogo karo ya chuo cha uuguzi. Agosti 2024, wakati watu wametoka kuvuna na foleni ya debe imefika barabarani, alinipigia simu.

"Mwanangu, kinu kimelia halafu kikanyamaza."

Nati ya boliti ilikuwa imeingia pamoja na mahindi ya mteja, ikapita katikati ya nyundo za kinu, na shafti ikapinda. Mama akaifunga kwenye gunia, akaipakia kwenye matatu hadi Mombasa. Jumamosi nilikata chuma kipya cha milimita 40, nikakifunga kwenye kerezo, nikaanza kazi.

Kwa asiyejua, shafti ya kinu hukaa juu ya beringi mbili, moja kila upande. Zile za mama ni za namba 6207, namba ambayo utaipata duka lolote la vipuri: tundu la ndani milimita 35, kipenyo cha nje 72, upana 17. Hapo panapokaa beringi ndipo penye kazi. Sehemu nyingine za shafti zikiwa na kosa la nusu milimita, kinu kitasaga bila kulalamika. Kiti cha beringi hakina msamaha huo. Shafti inayozunguka na mzigo huhitaji beringi iikabe. Vitabu vya mafundi hutaja kipimo kinachoitwa k6, na kwa kipenyo cha 35 maana yake ni hii: shafti iwe kati ya 35.002 na 35.018. Tundu la beringi yenyewe hutengenezwa likiwa 35.000 au pungufu kidogo, hadi 34.988. Kwa hiyo shafti huwa kubwa kuliko tundu, na beringi huingia kwa kupashwa moto au kwa kushindiliwa.

Nililenga katikati, 35.010. Nilikereza, nikapima, nikapunguza tena, nikapima. Maikromita ikasoma 35.010 barabara. Nikafurahi kama mtu ambaye programu yake imekimbia mara ya kwanza bila kosa.

Jumapili nilisafiri na shafti hiyo hadi Mwatate. Beringi mpya mama alikuwa amezinunua Voi. Nikazipaka mafuta, nikaisukuma ya kwanza kwa vidole gumba viwili, ikateleza mpaka ikafika mahali pake. Ya pili vivyo hivyo. Nikamwambia mama, "Ona kazi safi, hata nyundo sijagusa."

Yeyote kati yenu aliyewahi kufunga beringi sasa hivi anatikisa kichwa. Mimi sikutikisa. Jibu lilikuwa mikononi mwangu nikaliita ustadi.

Wiki tatu

Kinu kilisaga wiki tatu. Kisha kikaanza kunguruma, kikatetemeka, upande wa puli ukawa moto hata mkono haushikiki, na mama akazima.

Nilikuwa kazini aliponipigia. Sikuiona shafti, sikuiona beringi, lakini jibu nilikuwa nalo tayari: "Mama, hizo beringi ni feki. Siku hizi maduka yamejaa feki. Rudisha."

Mama ni mtu mpole, lakini mtu akimlia pesa yake hanyamazi. Alipanda gari hadi Voi, akaingia dukani, akaiweka ile beringi juu ya kaunta mbele ya wateja na kumwambia mwenye duka kwamba mwanawe, aliyesoma chuo kikuu, amesema ni bandia. Yule bwana aliigeuza beringi mikononi, akaitazama, akampa nyingine bila kulipa. Lakini alimwambia neno moja ambalo mama alinirudishia kwenye simu usiku huo: "Mama, mimi nauza beringi. Shafti sikuikereza mimi."

Niliona ni kiburi cha mfanyabiashara. Shafti ikaja Mombasa tena kwenye gunia lile lile.

Mzee

Jirani yetu ni mzee aliyefanya kazi na baba miaka mingi. Haoni vizuri sasa, lakini vidole vyake bado vinaona. Alinikuta bandani nimeishika ile shafti, nikaanza kumweleza habari za beringi feki. Hakujibu. Alipitisha kidole kwenye kiti cha upande wa puli, palipong'aa kama kioo na kuliwa, na pembeni pana unga wa kahawia kama kutu iliyosagwa.

"Beringi haikufa hii," akasema. "Ilikuwa inatembea juu ya shafti. Uliitia vipi?"

"Kwa vidole, Mzee. Ilikaa vizuri kabisa."

Alicheka mpaka akakohoa. "Kwa vidole! Na kabla ya kupima, maikromita yenyewe uliiuliza?"

Sikuelewa. Akanyosha mkono. "Nipe kile kipande cha ishirini na tano."

Nilikitoa kisandukuni. Akakipangusa kwa shati lake, akaniambia nikipime. Kipande hicho, ndugu zangu, ndicho kipimo sanifu cha maikromita ya 25 hadi 50. Kwa kuwa chombo hicho hakiwezi kufunga hadi sifuri, hupewa kipande chenye urefu wa 25.000 kamili ili ukiulize: je, unasema kweli? Nilizungusha racheti ikalia mara tatu. Nikasoma. Nikasoma tena.

25.020.

Maikromita ya baba ilikuwa inaniongopea sehemu mbili za mia katika kila kipimo, na haikuwa na njia ya kunionya. Sisi waandishi wa programu tunalijua kosa la namna hii na tunaliogopa kuliko yote. Programu inayokufa kwa kelele ni rafiki yako, kwa sababu unajua pa kuanzia. Inayokupa jibu zuri lenye desimali tatu, tena jibu lile lile kila mara, na jibu lenyewe si kweli, hiyo ndiyo inayokufilisi.

Mzee aliielekeza taa kwenye fuawe, ule uso mdogo usiosogea ambao kitu hubanwa juu yake. Kulikuwa na utando wa njano kama gundi: mafuta ya kukatia yaliyokauka, yameshika vumbi na chembe za chuma. Wiki kadhaa kabla ya hapo nilipima kitu kikiwa bado kimelowa, nikaifunga maikromita mpaka nyuso zikagusana na kile nilichopima, nikakiondoa, nikairudisha kisandukuni bila kupangusa. Hewa ya pwani ilimaliza kazi iliyobaki. Tulifuta kwa kitambaa na spiriti, tukapima tena: 25.005. Mikroni 15 zilikuwa uchafu. Tano zilizobaki zilikuwa chombo chenyewe kuhitaji kurekebishwa.

Hesabu ya aibu

Mzee alipoondoka nilikaa na karatasi. Zile 0.020 zilikuwa zimepatikana, lakini aliniuliza swali jingine akiwa mlangoni: "Na ulipopima ilikuwa imepoa?"

Haikuwa imepoa. Nilipima dakika moja baada ya kisu kutoka. Shafti ilikuwa na joto la kushikika kwa shida, tuseme digrii 55, na maikromita ilikuwa na joto la banda, digrii 30. Chuma hutanuka kama sehemu 11.5 za milioni za urefu wake kwa kila digrii moja. Kwa kipenyo cha 35 na tofauti ya digrii 25:

35 × 25 × 0.0000115 = 0.010

Kwa hiyo nilichosoma ni 35.010. Toa 0.020 za maikromita, toa 0.010 za joto, unabaki na 34.980. Tundu dogo kabisa la beringi halali ni 34.988. Shafti yangu ilikuwa nyembamba kuliko tundu hata pale ambapo tundu ni dogo kuliko yote yanayoruhusiwa. Ndiyo maana iliingia kwa vidole.

Hesabu ni hesabu, lakini nilitaka ushahidi. Kiti cha upande wa pili kilikuwa hakijaliwa sana, na ukingoni mwake, mahali ambapo beringi haikufika, bado palikuwa na alama za kisu changu. Asubuhi, shafti ikiwa imelala bandani usiku kucha kando ya maikromita iliyosafishwa, nilipima hapo na kutoa zile mikroni tano. Nilipata 34.981.

Nilikaa chini. Mama alipoteza siku sita za msimu, wateja wengine walihamia kinu cha jirani, na mtu asiye na kosa alitukanwa dukani kwake mbele ya watu kwa sababu ya utando wa mafuta usioonekana kwa macho na dakika ishirini ambazo sikutaka kungoja.

Chombo chenyewe

Tangu siku hiyo nimeisoma maikromita kama nilivyowahi kusoma lugha yangu ya kwanza ya programu. Niwaeleze kwa ufupi.

Ni skrubu tu. Fremu yake ina umbo la upinde. Ncha moja ina fuawe, ncha ya pili hupitisha spindeli inayosogea mbele na nyuma. Spindeli imeungana na skrubu iliyosagwa kwa uangalifu mkubwa, na kila mzunguko mmoja huisogeza nusu milimita kamili. Juu ya skrubu kuna kifuniko kinachozunguka, nami nakiita kastabini kwa sababu kinafanana na ile ya mshonaji. Ukingo wake umegawanywa mara 50. Nusu milimita ukiigawa kwa 50 unapata 0.01. Kastabini ya kawaida ina mzingo wa milimita 55 hivi, kwa hiyo mwendo usioonekana wa sehemu moja ya mia ya milimita unakuwa mwendo wa zaidi ya milimita moja mbele ya macho yako. Skrubu imekuza kitu zaidi ya mara mia bila betri wala lenzi. Baadhi ya maikromita, kama hii ya baba, zina mistari ya venia pia, ya kukusomea mikroni.

Kusoma ni kujumlisha. Kwenye silinda isiyozunguka unaona mstari wa 32 umepita, na mstari mdogo wa nusu nao umetokeza, hiyo ni 32.5. Kastabini inaonyesha 37, hiyo ni 0.37. Jumla 32.87. Anayesahau ule mstari wa nusu atasoma 32.37, na atatupa chuma kizima. Dawa yake ni kupima kwanza kwa kalipa ya kawaida ili ujue unatarajia jibu la namna gani.

Mtu ataniuliza, mbona usitumie kalipa ya dijitali ukamaliza? Nilijiuliza hivyo pia. Jibu lilitolewa na mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe mwaka 1890: kipimo sahihi ni kile ambacho mstari wa kupimia na kitu kinachopimwa viko kwenye mstari mmoja ulionyooka. Kwenye maikromita, skrubu inaelekea moja kwa moja kwenye kitu. Kwenye kalipa, kitu kimebanwa na meno huku chini, na rula iko huku juu. Taya likiinama kidogo tu, kosa linaingia. Skrini ya kalipa inaweza kukuonyesha tarakimu mbili baada ya nukta, lakini tarakimu kuonekana si sawa na tarakimu kuwa kweli.

Wazo lenyewe ni la zamani. Katika karne ya 17 Mwingereza William Gascoigne alitumia skrubu ndani ya darubini kupima nyota. Mwaka 1848 Mfaransa Jean Laurent Palmer alipata hataza ya chombo cha mkononi chenye umbo tunalolijua, na hadi leo Wafaransa wanakiita palmer. Wamarekani Joseph Brown na Lucian Sharpe walikiona kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1867, wakarudi nacho kwao na kuanza kuzitengeneza kwa ajili ya mafundi wa kawaida. Miaka 150 na zaidi imepita na umbo halijabadilika sana. Programu gani yetu itadumu hivyo?

Mambo ninayofanya sasa

Haya si maneno ya profesa. Ni ya mtu aliyeumwa na nyoka, sasa anaogopa hata unyasi.

1. Naiuliza kabla ya kuiamini. Kila ninapoanza kazi napima kile kipande cha 25 kwanza. Kwa maikromita ya 0 hadi 25 unafunga tu nyuso zigusane, isome sifuri. Huchukua nusu dakika. Kazini hatuthubutu kuwapelekea wateja programu bila kuijaribu, lakini bandani nilikuwa nikifanya hivyo kila wiki.

2. Nasafisha nyuso kwa karatasi. Unafunga maikromita polepole juu ya karatasi safi, kisha unaivuta karatasi itoke. Inabeba uchafu nayo. Usivute mpaka ichanike, maana nyuzi zitabaki ndani. Utando uliokauka futa kwa kitambaa laini na spiriti. Usithubutu kutumia msasa, na usipulize kwa hewa ya kompresa, kwa sababu hewa hiyo husukuma chembe hadi kwenye skrubu.

3. Natumia racheti. Kile kitasa kidogo cha nyuma kipo ili kila mtu akaze kwa nguvu ile ile. Sogeza polepole, iache ilie mara mbili au tatu, basi. Ukikaza kwa kastabini yenyewe unaikunja fremu, na jibu litategemea umeamkaje siku hiyo. Maikromita si jiriwa.

4. Nangoja joto lilingane. Vipimo vya viwandani duniani kote huhesabiwa kwa digrii 20, na makubaliano hayo ni ya tangu mwaka 1931. Mombasa digrii 20 utaisikia redioni tu. Lakini habari njema ni kwamba chuma cha kazi na chuma cha maikromita hutanuka karibu sawa, kwa hiyo vikiwa na joto moja, kosa kubwa huondoka. Adui ni tofauti. Naviweka vyote pamoja juu ya bamba la chuma, naenda kunywa chai. Na maikromita siikumbatii kiganjani muda mrefu, kwa kuwa mkono wako nao ni jiko. Ndiyo maana nyingi huwekewa vibao vya plastiki kwenye fremu.

5. Napima mara nyingi. Kiti kimoja cha beringi nakipima mahali patatu kwa urefu, kisha nazungusha shafti robo na kurudia. Hapo utajua kama umekereza mche wa kweli au umekereza karoti. Na kerezo liwe limesimama kabisa. Kupima kitu kinachozunguka ni kula nyuso za chombo, na vidole vyako pia.

6. Naihifadhi ikiwa wazi. Nikimaliza nafuta, napaka tone la mafuta mepesi ya cherehani kwenye nyuso na spindeli, naacha mwanya wa milimita moja au mbili, na kifungio nakilegeza. Nyuso zikigusana hushika unyevu katikati na kutu huanzia hapo. Ndani ya kisanduku nimetia vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, vinakunywa unyevu. Kwa sisi wa pwani hilo si pambo.

7. Ikianguka, naiona kama mgonjwa. Sipangusi na kuendelea. Naipima upya kwanza, kwenye kipande sanifu na kwenye vipimo vingine pia, maana skrubu inaweza kusema kweli mwanzoni na kudanganya katikati.

8. Naandika. Ndani ya kisanduku kuna daftari dogo: tarehe, kipande cha 25 kimesoma ngapi, nimerekebisha au la. Ni kumbukumbu kama zile za seva, ila kwa kalamu.

Zile mikroni tano zilizobaki nilizirekebisha mwenyewe. Maikromita nyingi huja na spana ndogo yenye ncha ya ndoano. Kwenye silinda kuna kitundu, unatia ndoano humo na kuizungusha silinda kidogo mno mpaka mstari ukae sawa. Mara ya kwanza nilitoka jasho. Baadaye nilienda katika chuo kimoja cha ufundi ambako mwalimu alinikubalia kuilinganisha na vipande sanifu vya 25, 30, 40 na 50, nikaona inasema kweli njia nzima. Mwenye karakana ya biashara anaweza kupeleka chombo chake katika maabara za upimaji za KEBS akapewa cheti.

Hapo ndipo nilipopaona patamu. Cheti cha namna hiyo kina mnyororo nyuma yake. Kipande chako kimepimwa kwa kipande bora zaidi, nacho kwa bora zaidi, mpaka unafika kwenye maana ya mita yenyewe, ambayo tangu 1983 ni umbali unaosafiriwa na nuru katika sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Kutoka nuru hadi kinu cha unga Mwatate, kila pete ya mnyororo ilikuwa imekaa sawa, isipokuwa ile moja niliyokuwa nimeishika mimi.

Voi

Nilikereza shafti mpya. Nilipima ikiwa imepoa, mara sita kila kiti, nikapata kati ya 35.008 na 35.011. Beringi hizi zilikataa vidole. Nilizipasha kwenye mafuta ya moto, zikaingia, zikapoa, zikakaba, hata ungetaka kuzizungusha juu ya shafti usingeweza.

Halafu nilimweleza mama ukweli wote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea anikaripie. Aliniuliza tu, "Na yule wa Voi je?"

Kwa hiyo nilishuka Voi nikielekea nyumbani, nikaingia dukani. Nilisubiri wateja wawepo, kwa sababu yeye alitukanwa mbele ya watu. Nikamwambia mimi ndiye yule msomi wa chuo kikuu, na kwamba beringi yake ilikuwa nzima, kosa lilikuwa la kipimo changu. Nikaweka pesa ya beringi aliyotoa bure juu ya kaunta. Alinitazama kwa muda, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Ulikosa ngapi?"

"Sehemu tatu za mia."

Akapiga mluzi mdogo. "Nyingi hizo," akasema, akaichukua ile pesa, akanirudishia nusu, akaniagizia soda.

Kinu bado kinasaga. Nikienda Mwatate huweka kiganja juu ya nyumba ya beringi kama mtu anayempima mtoto homa, na huwa ni vuguvugu tu. Kile kipande cha 25 sasa kinakaa juu ya kitambaa cha kijani upande wa kushoto, mahali ambapo baba alikiweka miaka yote. Alikuwa ameacha maelezo kamili. Mimi ndiye nilikuwa sijauliza.

Haya, ndugu zangu, mwenye maikromita droo ya nyumbani akaitoe leo aiulize. Wiki ijayo tutarudi kwenye hifadhidata.